Yupoyupo

Msimamizi wangu wa tasnifu huandika maoni yake kwa penseli, kwa herufi ndogo, pembeni mwa ukurasa. Katika rasimu ya sura yangu ya tatu nilikuwa nimeandika kwamba Yusuf, mhusika mkuu wa riwaya ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah, ni "kijana asiyejitambua". Mwalimu alilizungushia duara neno hilo, akaandika juu yake neno moja la Kiingereza, oblivious, kisha akaweka alama ya kuuliza.

Nilikaa na alama ile siku mbili. Alikuwa ananipa neno, au alikuwa amenikamata? Maana kwa kweli ndilo neno nililokuwa nalo kichwani. Kwa miezi minne nilikuwa nasoma makala za Kiingereza juu ya riwaya hii, na maneno ya aina hiyo, oblivious, unaware, naive, yalikuwa yamenizoea. Nilipoketi kuandika kwa Kiswahili nikachukua la kwanza lililokuja mdomoni. Nilikuwa nimetafsiri bila kujua kwamba natafsiri, na hilo kwa mwanafunzi anayesomea tafsiri ni aibu kidogo.

Tasnifu yenyewe inalinganisha Paradise, iliyotoka mwaka 1994, na Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kutunukiwa Nobel. Uzuri na upungufu wa tafsiri nimeuwekea tasnifu, sitausemea hapa. Hapa nataka kuandika juu ya neno moja baya nililoliandika mwenyewe, lilikotoka, na mtu mwingine niliyewahi kumwita hivyo.

Desemba nilikwenda nyumbani Uyole, rasimu ikiwa kwenye begi. Kama umewahi kusafiri kwenda Tunduma au Kyela umepita kwetu, pengine ukiwa umelala. Ni pale barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam inapogawanyika: kushoto unaelekea Tukuyu na mpaka wa Malawi, mbele unaingia Mbeya mjini na kuendelea hadi Zambia. Malori yanasimama, magunia ya viazi yanapakiwa, baridi inakata, na kila mtu ana haraka isipokuwa aliyeshuka leo kwa mara ya kwanza. Huyo utamjua tu. Amesimama na mzigo wake katikati ya njia ya bajaji, anasoma vibao. Ukitaka kujua Kiswahili kina maneno mangapi ya mtu asiyeona kinachotendeka pembeni yake, simama karibu naye dakika kumi.

Konda atamwambia asizubae. Muuza karanga atasema huyu anashangaashangaa. Vijana wa bajaji wataongeza yao: mshamba, boya, zuzu, hajielewi, amelala huyo. Akipita mama mtu mzima atamhurumia, lakini huruma yake nayo itakuja na neno lake: "Maskini, yupoyupo tu." Na akiibiwa simu, swali la kwanza halitakuwa nani kaichukua. Litakuwa ilikuwaje hata akazubaa.

Sikuwahi kuyasikiliza maneno haya kabla ya penseli ya Mwalimu. Niliposikiliza, niliona kwamba karibu yote yanasemwa na mtu anayeona juu ya mtu asiyeona, na karibu yote ni lawama. Kuzubaa ni kitenzi. Ni jambo unalolifanya, kama kula au kuiba, kwa hiyo unaweza kukatazwa: usizubae. Na anayekatazwa si kila mtu. Nina profesa mmoja ambaye amewahi kutoka darasani akiacha miwani, funguo na simu mezani, na hakuna aliyesema amezubaa. Tulisema amezama, yuko mbali, anafikiri. Mwenye cheo huzama; anayezubaa ni msichana wa kazi.

Yupoyupo ndilo linalonikera na kunipendeza zaidi. Kiswahili kikirudia kitenzi mara mbili mara nyingi hukipunguza nguvu: anayetembea anakwenda mahali, anayetembeatembea hana anakokwenda. Sasa fikiria kufanya hivyo kwa kitenzi cha kuwapo. Mtu yupo, halafu tunamrudia, yupoyupo, na kwa kumtaja mara mbili tunamfuta. Kiingereza kinasema mtu wa namna hii akili yake haipo, ndiyo maana ya absent-minded, yaani mwili umebaki na mwenyewe ametoka. Sisi tunasema mwili upo, upo sana, na hakuna mwenyewe wa kutoka.

Oblivious lina asili nyingine. Linatokana na neno la Kilatini la kusahau. Zamani lilimhusu mtu aliyesahau, na siku hizi linamhusu zaidi asiyetambua kilicho mbele yake, lakini harufu ya kusahau bado imo: kitu ulikuwa nacho, ukakiachia. Neno letu lililo karibu nalo ni kughafilika, tulilolipata kwa Waarabu pamoja na ndugu yake, ghafla. Sikuwahi kufikiri kwamba maneno haya mawili ni ya tumbo moja hadi nilipokuwa naandika tasnifu. Aliyeghafilika ndiye mambo humjia ghafla. Kwa aliyekuwa akitazama hakuna ghafla. Yeye aliliona lori tangu likiwa mbali.

Halafu kuna hana habari. Hili watu hulisema haraka, kama vile halina uzito: wewe huna habari? Lakini liangalie. Habari ni kitu kinachotoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Tunaiomba mara mia kwa siku, asubuhi, mchana, jioni. Kumwambia mtu hajitambui ni kusema kasoro imo ndani yake. Kumwambia hana habari ni kukiri, hata kama hukukusudia, kwamba habari ipo mahali, na yupo aliyenayo.

Nilipoandika "asiyejitambua" sikulitoa kwa Gurnah. Nililitoa kidato cha tano na cha sita. Wewe uliyesoma Kiswahili hapa Tanzania unakumbuka: nafasi ya mwanamke katika jamii, toa hoja sita, kila hoja na mfano kutoka riwaya mbili. Mwanamke amechorwa kama mtu asiye na maamuzi. Mwanamke amechorwa kama jasiri. Yasmin wa Vuta n'Kuvute ya Adam Shafi anaozwa na wazazi wake kwa mwanamume mwenye umri wa kutosha kumzaa, na sisi tukaweza kumweka katika visanduku viwili ndani ya ukurasa mmoja: mwanzo hajitambui, baadaye anajitambua. Hakuna mwalimu aliyetuuliza kati ya mwanzo na baadaye nani alimwambia nini. Tulipata alama zetu. Mimi nilipata A, na nimekuwa nikisoma riwaya kwa visanduku vile tangu hapo.

Yusuf ana miaka kumi na miwili riwaya inapoanza, katika mji mdogo wa reli wakati wa utawala wa Wajerumani. Baba yake ana hoteli isiyokwenda vizuri. Mara kwa mara huja Aziz, mfanyabiashara tajiri wa pwani, ambaye Yusuf anamwita kwa jina la kindugu, na kila akiondoka humwachia mtoto sarafu. Siku moja anaambiwa atasafiri na mgeni huyo. Mama yake anamkumbatia kwa namna isiyo ya kawaida. Wanapanda treni hadi pwani, na pale dukani anapokelewa na Khalil, kijana aliyemzidi kidogo umri, ambaye anamweleza lile ambalo wazazi wake hawakuweza: yule si ndugu yako. Baba yako anadaiwa. Wewe ni rehani.

Kiingereza kinamsaidia Aziz. Uncle ni neno pana kama turubai. Unaweza kumfunika mtu yeyote. Kwetu mtoto wa miaka kumi na miwili lazima ajue uncle huyo ni wa upande gani. Ni mjomba, yaani kaka wa mama? Ni baba mkubwa, baba mdogo, au kama wasemavyo pwani, ami? Kila neno linakuja na haki zake na mzaha wake, na uongo ukitaka kuingia lazima uchague mlango. Kwa hiyo Yusuf wa Kiswahili, vyovyote utakavyomtafsiri, amedanganywa kwa ufundi zaidi kuliko Yusuf wa Kiingereza. Mtu alikaa akachagua. (Kiswahili cha mjini kimeshakopa anko, na kazi yake ni ileile ya turubai. Kila mwanamume mwenye gari ni anko.)

Jambo la kwanza Khalil analomsahihisha Yusuf ni neno hilo. Haruhusiwi kumwita bwana huyo ndugu. Anapaswa kumwita Seyyid. Unaweza kuusoma ukali huo kama unyonge wa mtumwa anayempenda bwana wake, na Khalil ana unyonge huo pia. Lakini mimi naona ndiyo habari ya kwanza ya kweli ambayo mtoto huyu amewahi kupewa na mtu mzima. Wazazi walimpa upendo, mgeni akampa sarafu. Khalil alimpa cheo halisi cha mtu aliyemchukua.

Baada ya hapo riwaya inakuwa somo refu la nani anaona na nani anaonwa. Nyuma ya nyumba kuna bustani yenye ukuta, yenye maji na miti ya matunda, na Yusuf anaipenda kuliko chochote. Hapo ndipo jina la riwaya linapopata mwili, na hapo ndipo Kiswahili kimeongeza kitu ambacho Kiingereza hakina. Paradise ni mahali, unaweza kupatazama kwa mbali. Peponi, kwa ule mkia wake wa -ni, kunahitaji mtu awe ndani au awe njiani kwenda. Mtu fulani kapelekwa. Katika miti ya bustani hiyo kumetundikwa vioo. Yusuf anavitazama kama mapambo. Ni vya Zulekha, mke wa Aziz, anayejificha ndani kwa sababu ya alama usoni mwake na kupitia vioo hivyo anaona kila kinachofanyika bustanini, akiwemo mvulana mzuri anayeteka maji. Nilipoisoma mara ya kwanza niliandika pembeni: "Hajitambui hata kidogo!" Na alama ya mshangao nikaweka. Kwani nani kati yetu, akitundikiwa kioo mtini, angejua ni jicho?

Yumo pia Mzee Hamdani, mtunza bustani. Haongei. Anaimba kaswida zake, anamwagilia, anaonekana hasikii lolote. Ukimpita Uyole ungesema yupoyupo. Aliletwa mtumwa kama zawadi ya harusi, akaja akapewa uhuru na bibi yake, akakataa kuondoka. Kwa muda mrefu wengine wanamwona mzee aliyepumbaa kwa utumwa. Anapokuja kusema, anauliza kwa maneno machache ni nani aliyekuwa na uhuru huo hata aweze kumpa. Mtu aliyedhaniwa hana habari alikuwa ameshafikiri mpaka mwisho wa jambo ambalo wenzake walikuwa hawajalianza.

Nadhani ufunguo wa yote haya Gurnah ameuacha kwa Kiswahili, katikati ya Kiingereza chake. Khalil humtania Yusuf kwa jina la kifa urongo. Mimi wa nyanda za juu nililielewa nusu tu, nikadhani ni tusi la kawaida. Rafiki yangu wa Pangani ndiye aliyenicheka na kunieleza kwamba kifauongo ni mmea, ule mdogo wa miiba, ambao ukiugusa unakunja majani na kujifanya umekufa. Subiri kidogo, utayafunua tena. "Sasa niambie," akasema, "mmea wenye kuhisi kidole chako kabla hujabonyeza, huo nao haujitambui?"

Jina hilo limefanya kazi ambayo oblivious haiwezi kuifanya. Lina mtu anayegusa na kitu kinachoguswa, na linajua kwamba wa pili anaweza kuchagua kuonekana mfu. Watafiti wameshaonyesha kwamba sehemu ya safari ya bara katika riwaya hii ina deni kwa masimulizi ya wasafiri Waswahili ambayo Carl Velten aliyachapisha mwaka 1901, na huwa tunalisifia hilo. Ila sijaona tukilipa uzito huohuo deni dogo la jina la mmea. Mwishoni mwa riwaya Yusuf anatoka mbio akiwafuata askari wa Wajerumani, na wasomaji wengi, mimi nikiwamo, tumekimbilia kusema hakujua anachofanya. Lakini majani yalikuwa yamekunjwa miaka yote ile. Nani alikuwa akiyatazama yakifunuka?

Sasa nieleze kwa nini nililiacha swali la Mwalimu siku mbili bila kulijibu.

Mwaka 2008, nikiwa na miaka kumi, nyumbani kwetu aliletwa msichana wa miaka kumi na minne kutoka Umalila, huko milimani ng'ambo ya Mbalizi wanakolima pareto na viazi. Alikuwa amemaliza darasa la saba. Baba yake aliambiwa kwamba kwetu atasaidia kazi ndogondogo na jioni atafundishwa cherehani, na baadaye atapelekwa chuo cha ufundi. Mama alikuwa na cherehani kweli, iko sebuleni mpaka leo, imefunikwa kitambaa cha kudarizi. Tuliambiwa tumwite dada.

Unaona lilivyo turubai. Dada ni mtoto wa mama yako. Dada ni msichana yeyote unayemheshimu barabarani. Na dada, katika nyumba nyingi za mji wowote wa Tanzania, ni mtu anayelala jikoni na kuamka saa kumi na moja kuwasha mkaa. Hakuna neno letu lililobeba watatu hao kwa utulivu kiasi hicho. Jirani akiuliza, "Dada yupo?" kila mtu anajua ni yupi anayeulizwa.

Alishika swichi ya taa kwa uoga, tukacheka. Hakujua rimoti, tukacheka. Alikuwa akisimama mlangoni wakati wa taarifa ya habari, mkono kwenye fremu, macho mahali pasipojulikana, na kaka yangu ndiye aliyeanza kumwita Yupoyupo. Jina likakaa. Tulilitumia mbele yake. Baba na mama walipotaka kuzungumzia mshahara wake, ambao ulikuwa shilingi 15,000 kwa mwezi na baba yake ndiye aliyekuwa akija kuuchukua, walizungumza Kinyakyusa, kwa kuwa yeye alikuwa Mmalila na sisi watoto tulikuwa tunashika neno moja moja tu.

Siku moja bibi alikuja kutoka Tukuyu. Dada akampa maji ya kunawa, bibi akamshukuru, ndaga, na Yupoyupo akamjibu kwa Kinyakyusa kilichonyooka, sentensi nzima, akaendelea na ya pili. Bibi alifurahi. Mama alicheka pia, lakini kuanzia jioni ile wazazi wangu walihamishia mazungumzo yao chumbani.

Ningeweza kuelewa siku ile. Sikuelewa. Mwaka uliofuata tuligombana naye kwa jambo la kitana, nikamwambia: "Kwanza wewe siyo dada yetu. Wewe ni wa kazi." Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Akasema, "Najua." Kisha akasema, "Nenda kaoge, maji yanapoa."

Khalil alimwambia Yusuf yule si ndugu yako, na alikuwa anampa habari. Mimi nilisema maneno yaleyale karibu neno kwa neno, na mwenzangu alikuwa nayo habari muda wote. Aliyekuwa hana ni mimi. Nilikuwa najua anafanya kazi. Sikuwa najua kwamba ameahidiwa kitu. Kitambaa cha cherehani alikuwa anakifua yeye kila Jumamosi, anakipiga pasi, anakirudisha, na kwa miaka minne sikumwona hata siku moja ameketi mbele ya mashine ile, wala sikujiuliza.

Aliondoka mwaka 2012, asubuhi, sisi tukiwa shuleni na mama kazini. Unga wa uji alikuwa ameshaupima. Funguo aliziweka juu ya cherehani. Baadaye tulikuja kusikia kwamba alikuwa akiweka akiba kwa mama mmoja wa genge tangu mwaka wa pili, na kwamba nauli, chumba cha kufikia na kazi aliyokuwa akiiendea vilikuwa vimepangwa kwa miezi. Mama, hata sasa akisimulia, husema, "Yule binti aliondoka ghafla."

Desemba hii nilimwachia mama Peponi mezani. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, anasoma akiwa amekaa mlangoni kwa ajili ya mwanga, na hupindisha kona za kurasa ingawa mimi hufungia wanafunzi wenzangu vitabu kwa kosa hilo. Siku ya tatu alivua miwani.

"Hawa wazazi wake walijua," akasema.

"Ndiyo, mama. Walijua."

"Mama yake je?"

"Naye."

Akatazama nje. Lori lilikuwa linapandisha, tukasubiri lipite. "Sisi tulimwambia baba yake tutampeleka cherehani," akasema. Sikuwa nimemtaja mtu yeyote. Nilitafuta la kumjibu, na kabla sijalipata alikuwa ameshasimama kwenda kuangalia maharage. Kitabu alikimaliza. Hatukukizungumza tena.

Januari nilirudisha rasimu. Nilikuwa nimeyafuta maneno "kijana asiyejitambua" na kuandika "kijana aliyenyimwa habari". Nilieleza katika aya mbili kwa nini: kwamba kitenzi cha kunyimwa kinadai mtendaji, na riwaya inamtaja mtendaji huyo mapema, wakati kutojitambua kunamwachia mtoto mzigo wote. Niliongeza kwamba tukimsoma Yusuf hivyo, ukimya wake unaacha kuwa ombwe na tunalazimika kuutafsiri pia. Nadhani ni aya nzuri. Mwalimu aliweka vema kwa penseli, na mbele ya neno "aliyenyimwa" akaandika: "Na nani? Wataje wote." Kwa upande wa riwaya haikunichukua muda: baba, mama, Aziz, na msimulizi kidogo.

Kilichonishinda ni ukurasa wa shukrani. Chuo kinautaka, kwa hiyo huandikwa mwishoni kabisa, ukiwa umechoka. Niliwashukuru wazazi, msimamizi, rafiki wa Pangani. Nikataka kumwandika yeye, na jina la Dada halifai, na lile jingine tulilompa halifai zaidi. Jina lake la ubatizo nalijua. La baba yake silijui. Nilimpigia mama simu. Mama alimwona mzee yule kila baada ya miezi mitatu kwa miaka minne, alimtengea chai, alimhesabia hela mkononi.

"Ngoja nikumbuke," akasema.

Hiyo ilikuwa Machi. Nimempigia mara mbili tena kwa mambo mengine, na kila mara ananiambia yeye mwenyewe, kabla sijauliza, kwamba bado.